Kona Nyekundu za Kadi Zangu

Yaya Ntumba mpendwa,

Sauti iliyobaki nami ni ya misumari. Watu wengine wa mji huu wa Lubumbashi wanakumbuka risasi, wengine mayowe. Mimi nakumbuka misumari ikichomolewa kwenye mabati ya nyumba yenu pale mtaa wa Bel-Air, saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Msumari ulilia kwanza, mlio mwembamba wa kuumiza meno, kisha bati likajikunja, kisha likaanguka uani kwa kishindo. Nilihesabu. Sijui kwa nini nilihesabu. Yalikuwa kumi na manane. Lilipoanguka la saba, baba yako alikuwa bado hai.

Nakuandikia mbele ya watu wote kwa sababu sina anwani yako. Treni yenu ilielekea Kasai, na wanaoleta habari wanasema wengi walishushwa njiani na wengine walizikwa kando ya reli. Mvua za misimu miwili zimepita. Kama u hai, huenda mtu atakufikishia karatasi hii. Kama hu hai, basi niwie radhi kwa kuchelewa. Kuna swali uliloniuliza pale stesheni nami nikakujibu uongo. Nimebeba uongo huo hadi leo, na siwezi kuufikia moja kwa moja. Niache nianzie kwenye meza yetu.

Ilikuwa meza moja ndefu, katika chumba pekee kisichovuja cha idara yetu ya historia pale chuoni. Upande wa dirisha ulikaa wewe, dada mkubwa niliyekuita Yaya, na mawe yako. Upande wa ukuta nilikaa mimi na Ulaya yangu. Wewe ulitafiti watu wa kwanza, wale waliokaa kando ya mto nyuma ya mashamba ya Kasungami kabla mtu yeyote hajawa na kabila. Mimi niliandika tasnifu juu ya Hispania ya karne ya kumi na saba, jinsi mfalme alivyowafukuza raia waliozaliwa pale na kubatizwa pale, kwa kuwa babu zao walikuwa Waislamu. Profesa alitupitia kila asubuhi na koti lake lililotoboka viwiko.

“Huyu ananitafutia bantu ba zamani sana,” alimwambia mgeni mmoja, akituonyesha kwa kidole, kwa Kiswahili chetu cha mtaani ambacho watu ni bantu. “Huyu, bantu ba mbali sana. Na mushahara wetu, iko zamani na mbali vilevile.”

Ulinifundisha kurudisha vipande. Mtu wa kale alipochonga jiwe, vibanzi viliruka. Wewe uliviokota ardhini na kuvipachika tena kimoja kimoja, kama mtu anayelivisha chungwa maganda yake. Ukimaliza ulijua pigo lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Siku moja ulinipa vibanzi tisa nijaribu. Cha nne kilinipasua kidole, damu ikatiririka hadi kwenye daftari la Hispania. Ulinifunga kwa kitambaa cha kichwa chako huku ukicheka.

“Unaona? Imelala chini miaka yote ile, na kazi yake haijasahau.”

“Yaya, inauma!”

“Itaacha kuuma. Sema, pigo ya kwanza ilikuwa gani?”

Sikujua. Ukasema hiyo ndiyo kazi yote: kila mtu huona pigo la mwisho, maana ndilo lililo juu.

Kila jiwe uliliandika namba kwa wino mweusi, halafu ukaifunika namba kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, ili isifutike. Wakati wa uhaba ile isiyo na rangi ilipotea sokoni. Ukarudi na chupa ya nyekundu, ukagundua kwamba inafunika namba zote, ukaitupa upande wangu wa meza. Huo ulikuwa mwanzo, ingawa hakuna aliyeuona.

Profesa alikuwa ameniambia kwamba kabla ya kuomba nakala za nyaraka za Ulaya nijifunze mbinu hapa nyumbani. Wanahistoria wa karne zile hujenga upya familia kutoka vitabu vya parokia: ubatizo, ndoa, maziko, kila familia kadi yake. Padri wa Bel-Air akaniruhusu kukaa na vitabu vyake kila Jumamosi mchana. Niliandika jina la baba, jina la mama, watoto, barabara, namba ya nyumba. Kitabu cha padri hakikuwa na safu ya asili. Safu hiyo niliichora mimi. Mbinu iliitaka.

Na kwa kuwa majina hayatoshi, nilikuuliza wewe. Akina Ilunga wako wa hapa na wako wa Kasai, akina Kasongo vilevile. Wewe ulikulia mtaani, uliwajua. Ulikuwa unasugua tope kwenye mawe huku ukinijibu bila kuinua macho: huyu wa kwetu, huyu wa hapa, huyu baba wa kwetu lakini mama wa hapa. Nami nilichovya kiburashi cha ile chupa nyekundu na kupaka kona ya kila kadi ya watu wa Kasai.

“Mudogo, unatupaka rangi ya kucha. Tunaenda ku ndoa ya nani?”

“Ni ya kupanga tu, Yaya. Nikitaka familia za Kasai, nachomoa za rangi, nimemaliza.”

“Na bale ba Kilwa, utabapaka gani?”

Tulicheka wote wawili. Mimi ni wa Kilwa ya kando ya ziwa, mkoani humu humu, si ile ya pwani. Nililetwa mji huu kwa lori nikiwa na miaka minne, nikitapika juu ya magunia ya samaki wa ziwani, ilhali baba yako alizaliwa papa hapa Lubumbashi na kufanya kazi ya reli hadi akastaafu. Lakini watu wa Kilwa sikuwapaka rangi. Nilidhani sisi ndio karatasi yenyewe.

Kadi ya kwenu uliipaka kwa mkono wako. Uliipuliza ikauke, ukanirudishia.

Kisha mji ukaanza kuanguka. Wanajeshi wasiolipwa waliteremka barabarani na kubeba kila kilichobebeka. Kwetu chuoni walikuja kutafuta mbao. Walimwaga mawe yako sakafuni ili wachukue masanduku. Mmoja alimpiga Profesa kitako cha bunduki mdomoni kwa sababu alisema “tafadhali” kwa Kifaransa. Nakumbuka meno yake mawili kati ya mawe yako, na wewe ukipiga magoti kuyatenganisha. Siku ile kila mmoja wetu aliokoa alichokipenda. Wewe ulijaza gunia mawe bora na kulipeleka Bel-Air kwa mguu. Mimi nilipeleka boksi la kadi nyumbani kwetu Kasungami na kulisukuma chini ya kitanda.

Halafu yakaja yale maneno ya redioni na viwanjani. Wenye asili ya Kasai warudi kwao. Nyinyi mkaitwa bilulu, wadudu wanaokula shamba la wenzao. Kaka yangu Chola, aliyekuwa amepoteza kazi ya karakana, alijiunga na vijana wa chama kilichoeneza maneno hayo. Alirudi nyumbani jioni akiwa na kitambaa kichwani na sauti iliyokauka kwa nyimbo. Kabla ya hapo hakuwahi kuniuliza hata mara moja ninasoma nini. Jumapili moja alinikuta nimefungua boksi.

“Hii rangi ni ya nini?”

Yaya, nilimweleza. Hapa ndipo ninapotaka unielewe, kwa kuwa nimekaa na siku ile kama ulivyokaa na vibanzi vyako. Hakuniibia siri. Nilimkalisha kitandani, nikamwonyesha kadi moja moja, safu ya barabara, safu ya namba, safu ya asili, nikamwambia jinsi wasomi wa Ulaya wanavyoweza kufufua kijiji kizima kwa njia hii. Nilijivuna. Kaka yangu aliniangalia kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona usoni pake, akasema, “Kumbe masomo iko na faida.” Hilo ndilo pigo la kwanza. Mengine yote yako juu yake.

Siku tatu baadaye niliona boksi limepungua. Nilijiambia nimekosea kuhesabu.

Asubuhi ile niliona moshi upande wa Bel-Air, nikakimbia. Nilipofika barabara yenu walikuwa wameshapita nyumba nyingi. Hawakupita zote. Kwa akina Ilunga wa kona, wa hapa, mama alikuwa anaanika nguo. Kwa akina Ilunga wa mbele yake, wa Kasai, mlango ulikuwa chini na mtu alikuwa amelala juu yake bila kutikisika, mguu mmoja una kiatu. Chola alisimama katikati ya barabara na kadi mkononi, akizichambua kama mtu anayecheza karata. Wengi waliokuwa naye hawajui kusoma vizuri. Hawakuhitaji. Waliangalia kona za kadi.

Nilijificha kwenye uzio wa jirani yenu. Vijana wanne walikuwa juu ya paa. Baba yako alikaa uani kwenye kiti chake cha chuma, amevaa kofia ya reli, amekataa kuinuka.

“Muzee, treni inakungoja!”

“Treni?” akasema. “Miye ndiye niliendesha treni yenye ilileta baba yako.”

Mmoja alicheka bila kukusudia, na kwa dakika moja nilidhani mzaha utawaokoa. Halafu wengine wakatoka ndani na gunia lako. Walilimwaga. Mawe yakabingirika kwenye vumbi, kila moja na namba yake nyeusi inayong'aa.

Mahali pengine duniani mtu angeona mawe tu. Lakini huu ni mji wa migodi. Kila mmoja wao alikuwa na baba au mjomba aliyefanya kazi mgodini, na wote walijua kwamba jiwe lenye namba ni sampuli, na sampuli ni shaba au kobalti, na aliyeificha chini ya kitanda ni mwizi.

“Hata ya chini ya udongo banatuibia! Sema, muzee, iko mu mugodi gani?”

“Mugodi hakuna,” ulisema wewe. Ulikuwa umetoka na mikono juu. “Hii ni visu. Visu ya bantu ba zamani. Balifanya nayo kazi ya kukata nyama.”

“Bantu ba zamani! Bakasai ba zamani?”

“Hapana. Ba wote. Ba kwetu na ba kwenu.”

Hapo mzaha ulikwisha. Walimpiga baba yako kwa chaga ya kitanda, mabegani, magotini, wakiuliza mgodi. Mabati yaliendelea kuanguka. Wewe ukageuka, ukaniona kwenye uzio.

“Mudogo! Weye unayua! Baambie hii mawe ni ya nini!”

Wote waligeuka. Nilikuwa dada ya Chola, mtoto wa Kilwa, msomi wa chuo. Nadhani wangenisikiliza. Sina hakika, lakini nadhani. Chola alinitazama, akasema taratibu, “Dada, rudi nyumbani.” Sikurudi. Sikusogea pia. Mmoja akaniuliza kwa sauti, karibu kwa adabu, “Ni kweli, dada? Ni mawe ya nini?”

Nikasema, “Sijui.”

Chola aliinama, akaokota lile kubwa, lililochongwa pande mbili, lenye umbo la jani, ambalo ulilisugua wiki nzima kwa mswaki. Lilikaa kwenye kiganja chake bila kutafuta mahali. Lilitengenezwa likae hivyo. Alimpiga baba yako kwenye panja mara moja, na kofia ikaruka. Alimpiga tena. Mara ya tatu sauti ilibadilika, ikawa laini. Ulipomkimbilia, mwingine alikupiga mkono wa kulia kwa kiti kile kile cha chuma, na nikaona mfupa. Waliokuwa juu ya paa hawakuacha kazi yao.

Nilikimbia. Sitakuambia nilikwenda kutafuta msaada.

Nilikufuata stesheni wiki ya sita baada ya siku ile. Mlikuwa maelfu, mmelala kati ya reli chini ya plastiki, mkingoja treni isiyokuja. Watoto waliharisha na kufa, na waliwekwa kwenye masanduku ya mizigo kwa kukosa jeneza. Mkono wako ulikuwa umefungwa kwa kipande cha ubao na ulikuwa unanuka. Nilikuletea bukari, ugali wa huku kwetu, na mboga kwenye bakuli, ukagawa kwa akina mama wawili kabla ya kula. Hukutaja uzio. Hukunilaumu hata kwa jicho. Ulizungumza kama tulivyozungumza mezani.

“Nimefikiri sana,” ulisema. “Ilunga wa kona na Ilunga wa mbele. Jina moja, kanisa moja. Huyu balimuacha, huyu balimuua. Nani aliwafundisha kutofautisha?”

Niliokota bakuli tupu.

“Kadi zako ziko wapi, mudogo?”

“Nilizichoma, Yaya. Mapema kabisa, siku ile redio ilianza.”

Ulitikisa kichwa. “Basi haikuwa kadi,” ulisema. Uliniamini. Uliniegemea begani kwa upande ulio mzima, na nilisikia homa yako kupitia blauzi. Siku tatu baadaye niliporudi, reli ilikuwa tupu: masufuria, kandambili, moshi.

Jibu la kweli ni hili: kadi zilikuwa nyumbani. Wiki ile ile Chola alikuwa amenirudishia, zimefungwa kwa mpira, zikiwa na alama za vidole vyake. “Kazi imekwisha,” alisema. “Asante.” Wakati unaniuliza, zilikuwa zimerudi chini ya kitanda changu, kamili.

Tangu wakati huo nimejaribu kuendelea kusoma. Chuo kilifunguliwa tena, nusu. Nilikuwa nimeandika kwenye sura ya pili kwamba orodha za mapadre wa Hispania “ni chanzo tajiri”. Sasa nikizisoma naangalia pambizo, natafuta mkono wa yule aliyechora mistari ya safu. Lazima alikuwa kijana nadhifu. Lazima aliinamia karatasi akiwa na furaha, kama mimi. Nilimweleza Profesa kila kitu. Alinisikiliza akiwa ameuziba mdomo wake usio na meno ya mbele.

“Iandike,” alisema, “lakini si sasa. Ngoja miaka hamsini. Bado haijawa historia.”

“Ni nini basi, Profesa?”

“Bado ni familia.”

Nyumbani, Chola ameezeka chumba chake kwa mabati yenu. Mvua iliponyesha yalivuja penye matundu ya zamani, naye alipanda na lami kuyaziba, akiimba. Si mlevi, Yaya. Si mtu wa kupiga kelele. Alikuwa akimnunulia mama dawa za presha. Aliniomba mara mbili nizichome kadi. Padri alichomewa nyumba na vitabu vyake, kwa hiyo kadi zangu ndizo peke yake zinazosema nani alikaa nyumba ipi Bel-Air. Anajua hilo. Wote walioingia kwenye nyumba zile wanajua. Mara ya pili hakuomba, alinishika shingo na kunibana ukutani hadi nikaona nyota, mama akitazama. Baadaye mama alinipaka mafuta ya vuguvugu shingoni.

“Ntumba alienda,” aliniambia. “Chola iko hapa. Mutoto wangu ni yupi?”

Nampenda kaka yangu. Naandika sentensi hiyo ili usidhani ilikuwa rahisi, wala usidhani nimekuwa mtu mwingine.

Jumatatu moja nilichukua boksi nikaenda ofisi ya mwendesha mashtaka. Niliketi kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa. Karani alikuwa mzee mwenye miwani ya kamba. Nilimweleza mawe yalikuwa ya nini, kadi zilikuwa za nini, nani alipaka, nani alieleza, nani alibeba, nani alipiga, mara ngapi. Alisita tu nilipofika kwenye jina la ukoo, akalilinganisha na la kwangu.

“Mushitakiwa wa kwanza?” aliuliza, kalamu tayari.

“Andika jina langu.”

Alivua miwani. “Mama, muntu hajishitaki. Sema jina ya ndugu yako, uende nyumbani.”

“La ndugu yangu ni la pili.”

“Unajua faili kama hii inaweza kulala hapa miaka? Na weye utalala wapi?”

Nikamwambia sijui, na safari hii ilikuwa kweli. Aliandika. Nilisoma kurasa zote sita, nikatia sahihi kila moja. Alifunga boksi kwa kamba na kulipa namba.

Jumatano walikuja kumchukua Chola, watu wawili na gari la kukodi. Hakupinga. Alimwomba mama amfungie bukari, na akiwa mlangoni aliniuliza kama niliandika kwamba alinirudishia zote. Nilisema ndiyo. Jioni mama alitoa begi langu nje na kufunga mlango. Mimi nimeambiwa nifike kwa karani kila Ijumaa hadi nitakapoitwa. Nimekwenda mara mbili.

Nakutakia mkono uliopona, Yaya, au udongo mwepesi.

Mdogo wako wa mezani